Naomba ushauri: miti ya mtaani imezeeka, tuikate au tuitunze?

Habari zenu wadau. Mtaa wetu una miti mikubwa pande zote mbili za barabara, na sasa inazeeka. Mmoja umeota uyoga shinani, na ukiugonga unasikia kabisa kwamba ndani kuna uwazi. Huo nakubali ukatwe kabla haujamwangukia mtu. Mingine ni mizima, ila mizizi imeinua njia ya waenda kwa miguu, na baadhi ya majirani wanataka yote iondolewe kwa mkupuo. Roho inaniuma, maana kivuli cha mti mkubwa hakirudi kwa miaka miwili mitatu.

Wengine wanasema tukate vilele tu. Nijuavyo, mti uliokatwa kilele huoza kuanzia kwenye kidonda, kisha huchipua matawi dhaifu yanayovunjika kwa upepo.

Kwa waliopitia haya: njia inaweza kutengenezwa bila kukata mizizi minene? Na tukipanda upya, tuchanganye aina ngapi ili ugonjwa mmoja usimalize mtaa mzima? Kumwagilia miche miaka ya mwanzo nitasimamia mwenyewe.