Naomba ushauri: isopodi wangu wa pangoni wanapungua

Habari zenu wakuu. Niko Ujerumani, nafuga isopodi (wadudu wadogo wenye miguu mingi, jamaa wa kaa) aina ya Cubaris "Rubber Ducky", wale wenye uso wa manjano kama kifaranga cha bata. Asili yao ni mapango ya mawe ya chokaa kule Thailand. Nilianza na 10, wamebaki 6, na watoto sijaona hata mmoja.

Boksi lina majani makavu, vipande vya mti uliooza na mawe ya chokaa. Joto nyuzi 25. Kwa kuwa wanapumua kwa viungo vinavyofanana na matamvua, ambavyo huhitaji unyevu, nimekuwa nikinyunyiza maji kila siku, boksi zima. Sasa udongo unanuka, nahofia nimezidisha.

Niache upande mmoja ukauke? Niongeze matundu ya hewa? Inaniuma kweli kuwapoteza. Aliyewahi kuwafuga anisaidie tafadhali.