Kufungiwa faiba nyumbani: kibao, lokesheni au namba ya mita, fundi umpe ipi?

MkaziGoba
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Goba, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, na nimelipia faiba kwenye kampuni moja (jina nalihifadhi, ugomvi bado mbichi). Kwanza mfumo wao uligoma kabisa: "eneo lako halijafikiwa na huduma". Wakati huohuo jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu, anaangalia mpira kwa faiba hiyohiyo. Nikabishana nao kwenye simu wakakubali. Fundi akatumwa, akaenda barabara nyingine yenye jina kama la kwetu, akaandika "mteja hakupatikana" na ombi likafungwa. Sasa naanza upya.

Naomba mnilinganishie. Kati ya namba ya kibao cha anwani ya makazi, lokesheni ya WhatsApp, Plus Code (ile ya herufi na namba kwenye Google Maps), namba ya mita ya umeme ya LUKU, na ile ya asili ya "shuka msikitini, ulizia duka la mangi", ipi inamfikisha fundi?

Bibi_Tabata
Ya asili inamfikisha bodaboda. Fundi wa faiba ana foleni ya nyumba nyingine, hana muda wa kuulizia.

FundiNguzo
Mkuu, kazi yangu ni kuvuta waya, kwa hiyo nasema ninachokiona juu ya ngazi. Nyumba yako siyo inayotupa shida sana, shida ni boksi. Kwenye nguzo za mtaa kuna maboksi meusi, kila moja lina matundu machache, mara nyingi 8 au 16, na kila tundu ni mteja mmoja. Wale wa mauzo wanaangalia ramani yenye mipaka iliyochorwa kuzunguka maboksi hayo. Lokesheni yako ikiangukia nje ya mstari, hata kwa upana wa barabara, jibu ni "hakuna huduma". Ndiyo maana jirani yako anayo na wewe umekataliwa.

Inaangukiaje nje? Watu wengi wanatuma wakiwa wamekaa sebuleni. Chini ya bati simu inakisia tu, na alama inaweza kutua kwa jirani wa nyuma ambaye analishwa na nguzo ya mtaa mwingine. Toka nje, simama getini pasipo na mti wala kibaraza, subiri kile kiduara cha bluu kwenye ramani kipungue, ndipo utume.

Halafu tazama juu. Boksi lililomhudumia jirani lina kibandiko chenye herufi na namba. Kipige picha. Hiyo picha kwangu ina thamani kuliko anwani yoyote, maana nikiiona najua nguzo ipi na niongozane na waya wa urefu gani. Nikifika nikakuta matundu yote yamejaa, hapo hata ungekuwa na anwani ya Ikulu utasubiri waongeze boksi.

MtendajiMstaafu
Fundi umesema vizuri ila usikidharau kibao. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ilifanywa ili tuache kuelekezana kwa miembe. Nyumba ina namba, barabara ina jina, na taarifa zipo kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani za makazi. Mwambie mteja afungue programu ya NaPA kwenye simu atafute nyumba yake.

Kosa ninaloliona ni watu kuandika postikodi peke yake wakadhani wamemaliza. Postikodi yetu ina tarakimu 5 na inaishia kwenye kata. Kata ya Goba ina nyumba ngapi? Lazima uandike namba ya nyumba na jina la barabara, na jina la mtaa pia, hasa majina yanapofanana kama ilivyomkuta mleta mada.

MkaziGoba
Mzee shikamoo. Kibao chetu mwenye nyumba alikipaka rangi pamoja na ukuta. Inasomeka 4 halafu kitu kama 7 au 1.

MtendajiMstaafu
Marahaba. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, namba wanayo. Usikisie, 41 na 47 ni nyumba mbili tofauti.

Kasarani_Juu
Huku Nairobi afadhali nyinyi mna vibao. Fomu zetu zinaitisha "postal code", unaandika 00100, na hiyo ni ya Posta Kuu mjini, ya sanduku la barua. Haijui kabisa nyumba unayolala. Kinachofanya kazi hapa ni jina la ploti (jengo la kupanga), namba ya mlango na simu ya keateka, yaani msimamizi wa jengo. Keateka asipoambiwa mapema, fundi anaishia getini na ngazi yake. Na kuna ploti ambazo mwenyewe ameshakubaliana na kampuni moja tu, kwa hiyo hata ukiwa na anwani safi kama maji, kampuni ya pili haingizi waya. Uliza hilo kabla hujalipa.

Mzaramo_Reading
Msidhani ughaibuni ni peponi. Hapa Uingereza kila jengo lina namba yake ya kipekee, UPRN, na postikodi inakufikisha karibu na mlango. Lakini nyumba ya zamani iliyogawanywa kuwa flati, kama ninayoishi, mfumo wa kampuni unaiona moja. Flati B haimo kwenye orodha, na kama haimo huwezi hata kubonyeza "agiza". Dawa yake ni kwenda halmashauri isajili anwani, kisha kusubiri kampuni zisasishe orodha zao. Fundi anapajua kwangu vizuri tu, ila kompyuta inasema sipo.

FundiNguzo
Nimalizie zilizobaki.

Plus Code naipenda. Hailipiwi, na ukiandika kamili inaonyesha kieneo cha kama mita 14 kwa 14. Ila ile fupi bila jina la mji haina maana, na fomu nyingi za kampuni hazina sehemu ya kuiweka. Ibandike kwenye maelezo ya ziada.

WhatsApp ni nzuri, lakini tuma lokesheni ya kawaida, usitume ile inayotembea na wewe. Ile inakatika baada ya muda uliochagua, mwisho ni masaa 8, na wakati huo unaweza kuwa umeshaondoka nyumbani, wewe uko Posta na mimi nakufuata Posta.

Namba ya LUKU ina tarakimu 11 na haikosei nyumba, ila ni ya TANESCO. Kampuni ya faiba haina ramani ya mita. Na nyumba za kupanga mita moja inahudumia wapangaji watano, sasa nikufungie chumba kipi?

Bibi_Tabata
Kwa hiyo jibu ni nini, fundi? Umetuzungusha.

FundiNguzo
Dada, kwenye mkataba andika ya kibao. Kwenye maelezo kwa fundi weka lokesheni ya getini na picha ya boksi. Zikigongana, sisi tunafuata lokesheni, mkataba utarekebishwa ofisini.

MkaziGoba
Nimeandaa hivi: "Lokesheni 6.73, 39.15, geti la kijani, boksi liko nguzo ya pili kutoka duka la gesi, picha nimeambatisha. Namba ya nyumba naifuata serikali ya mtaa kesho asubuhi."

Mzaramo_Reading
Weka alama ya kutoa mbele ya 6, sisi tuko kusini ya ikweta. Hivyo ulivyoandika fundi anatafuta geti la kijani Ethiopia.

FundiNguzo
😂 Na ongeza tarakimu, mbili baada ya nukta ni kama kilomita nzima. Weka tano. Pia acha namba ya simu ya mtu atakayekuwepo nyumbani, siyo yako ya kazini ambayo hupokei.