NYUMBA YA UJIJI (wanafamilia 23)

Alhamisi

06:12 Rehema: Mwakeye wote. Naomba mnisikilize kabla hamjatawanyika makazini. Wale brichardi wa Babu wametaga tena usiku. Mayai yamebandikwa kwenye dari ya kile chungu kilichopasuka, nimeyaona kwa tochi ya simu. Na sisi Jumamosi alfajiri tuna basi la Tabora, harusini. Nani anabaki na samaki?

06:13 Rehema: Ni mpaka Jumanne tu.

07:40 Rehema: Naona watu 17 wamesoma.

08:02 Hamisi: Mwakeye mdogo wangu. Wamefikia ukubwa gani sasa? Mafuta ya mawese ninayo.

08:02 Mwanaidi: 😂😂😂

08:04 Juma: Ba'mkubwa, ukikaanga kumi hupati tonge moja.

08:05 Hamisi: Basi bora nisubiri migebuka.

08:09 Rehema: Kaka Hamisi nakuheshimu, lakini leo sitaki mzaha. Mayai yanaanguliwa baada ya siku tatu hivi, kwa hiyo ni Jumamosi usiku au Jumapili. Wakitoka hawaogelei. Ni vikia vinatetemeka, kila kimoja na kifuko cha kiini tumboni, ndicho wanachokula. Watakaa humo pangoni karibu wiki nzima. Kwa hiyo mtu asije akawatilia chakula cha vifaranga, kitaoza tu na kuchafua maji. Wanachotaka ni hewa na utulivu. Wale wakubwa wapewe kidogo asubuhi, basi.

08:11 Rehema: Na mkono usiingie tangini.

08:30 Nasra: Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Naongezea nikiwa huku chuoni. Mkiona mayai yamekuwa meupe kama chokaa hayo yameharibika, mama yao atayaondoa mwenyewe. Na wale wadogo wa mzao uliopita msiwahamishe. Brichardi ndivyo walivyo, watoto wakubwa wanabaki nyumbani kulinda mayai ya wadogo zao na kufukuza wageni.

08:33 Juma: Kumbe huko kaka mkubwa halali tu kwenye kochi 👀

08:33 Hamisi: Nimekusoma kijana.

08:41 Rehema: Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri iko juu ya kabati, iwashwe papo hapo. Maji yakipungua, kuna madumu mawili ya ziwani nyuma ya mlango, nimechota Bangwe kwenye mawe. Ya bomba hapana, yana klorini. Ya mvua hapana, ni laini mno, hawa wamezoea maji magumu ya Tanganyika, pH karibu 9. Na hakuna kusafisha wala kupanga kitu. Yaliyotokea mwaka wa msiba mnayajua.

09:15 Iddi: Naona nimetajwa.

09:16 Rehema: Sijataja mtu.

09:18 Iddi: Dada nilitaka pawe pasafi, wageni walikuwa wanakuja.

09:24 Rehema: Uliyatoa mawe yote Iddi, ukayapanga kwa ukubwa kama sabuni dukani. Dume halikuitambua tena nyumba yake, likamgeukia jike. Nimemkuta asubuhi anaelea. Babu hajatimiza hata arobaini, na jike lile alilitoa ziwani kwa mkono wake.

09:25 Iddi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

09:31 Mwanaidi: Wifi, haya si tuliyamaliza kwa Bibi?

09:33 Hamisi: Jamani Tabora hiyo, asali analeta nani?

09:33 Juma: Mimi nusu lita

09:34 Mwanaidi: Ya nyuki wadogo kama ipo

09:36 Hamisi: Mimi dumu la lita tano, pesa nikipokea

09:50 Rehema: Narudia. NANI ANABAKI?

13:20 Bibi: 🎤 0:41

13:44 Mwanaidi: Nawaandikia walio kazini. Bibi anasema: "Marehemu akitoka ziwani alikuwa haingii chumbani kabla hajawatazama hao. Chungu hicho ndicho nilichopikia maharage ya kwanza ya nyumba hii. Iddi mwanangu, wewe ndiye utakayelala hapo. Na wewe Rehema, ukimpa funguo umpe na moyo wako. Sitaki kulisikia tena la mawe."

21:52 Iddi: Nimesikia mama. Kesho jioni nitapita, dada anioneshe swichi. Sitagusa jiwe. Ila Jumapili usiku niko zamu mpaka asubuhi.

21:53 Rehema: Ahsante mdogo wangu. Lakini Jumapili ndio watakuwa wametoka tu, na umeme wa siku hizi hauaminiki.

21:53 Rehema: Juma?

22:10 Juma: Mimi si niko basi hilohilo na nyinyi shangazi.

22:11 Rehema: Mwanaidi?

22:40 Mwanaidi: Nitajitahidi wifi, sijajua watoto nitawaacha na nani.

22:41 Hamisi: Kwa hiyo asali jumla lita ngapi?

Ijumaa

05:26 Rehema: Nimeamka kuwatazama. Jike yuko mlangoni mwa chungu, anayapepea mayai kwa mapezi, hajatoka tangu jana. Mwanaidi nijibu ukiamka. Na funguo ya mlango wa nyuma iko kwa nani? Ya mbele imevunjikia kitasani.