Msaada: mbwa wa polisi akikosea, nshafungwa?

Mtambwe_Kwetu: Assalam alaykum. Jirani yangu hapa Wete, Pemba, kaibiwa karafuu juzi usiku, zimeanikwa uani juu ya majamvi. Sasa mtaani wanasema analetwa mbwa. Mie sikuiba, wallahi. Nauliza tu, akija kusimama mlangoni kwangu itakuwaje?

BintChake: Mbwa wa kufuata nyayo hunusa harufu ya mtu na majani yaliyokanyagwa. Hutakiwa mapema, na hapo mtaa mzima si ushapita kutoa pole? Hata akisimama kwako, polisi watataka ushahidi mwengine. Lakini kwa nini aje kwako?

Ustadh_Mgeni: Tuanze na la muhimu. Mbwa mkavu akipita pakavu hapana najisi. Akilamba chombo, kioshwe mara saba, moja kwa udongo.

Babu_Kahawa: Mmoja aliligandia begi la shemeji yangu bandarini. Tukajua kwisha. Kufungua, pweza mkavu!

BintChake: Mtambwe, hujanijibu.

Mtambwe_Kwetu: Haya. Kuna gunia moja stoo kwangu. Kijana kaniuzia asubuhi yake, kaja nalo begani, bei ya chini. Sikumuuliza kitu. Nani anakataa cha rahisi? Na tiketi ya boti ya kesho nshakata, ila sikimbii, nakwenda kumuona mama mdogo Unguja.

Kichwa_Ngumu: Hukimbii! Karafuu mnunuzi ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Hata angekuwa kazichuma shambani kwao, wewe kununua tu ni kesi. Mbwa wa nini tena?

Mtambwe_Kwetu: Gunia moja ndio magendo? Halafu karafuu inavyonuka, si itampoteza?

BintChake: Karafuu haimpotezi, yeye anamfuata mtu. Na huyo mtu mzigo kautua wapi?

Mpita_Njia: Subirini kwanza. Mwezi uliopita huyu aliuliza humu kodi ya chumba Muscat, akasema kashahamia. Leo ana stoo Wete?

Mtambwe_Kwetu: Akaunti hii anatumia na kaka yangu.

Babu_Kahawa: Kaka ndiye muuza gunia? 😂

Kichwa_Ngumu: Chai hii, tena haina sukari.

BintChake: Chai au si chai, gunia lipeleke kwa sheha, mkuu wa mtaa wenu, usiku huu, umtaje na kijana.

Mtambwe_Kwetu: Sheha ndiye aliyeibiwa.