Mjadala: Je, vipigo viwili vinatosha kumwondoa kocha?

Hoja inayosikika kila Simba au Yanga inapoteleza ni kwamba klabu kubwa haina muda wa kusubiri, na kwamba kocha akipoteza michezo miwili mfululizo hana budi kufungasha virago. Naipinga hoja hiyo, na naomba tuipime kwa yaliyotokea Jangwani, makao ya Yanga, mwezi Novemba 2024.

Msimu wa 2023/24 kocha Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa Ligi Kuu na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Msimu uliofuata aliuanza kwa kushinda michezo minane ya ligi bila nyavu zake kutikiswa. Kisha akafungwa 1-0 na Azam, siku ambayo beki Ibrahim Bacca alitolewa kwa kadi nyekundu, na siku chache baadaye akafungwa 3-1 na Tabora United. Tarehe 15 Novemba akaondolewa. Siku 11 baadaye, mrithi wake Sead Ramovic, aliyekuwa hajawajua vizuri hata wachezaji wake, alifungwa 2-0 nyumbani na Al Hilal ya Sudan katika mchezo wa kwanza wa makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Yanga ikaishia hapo hapo kwenye makundi.

Wanaonipinga watasema kwamba Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi hata hivyo, chini ya Miloud Hamdi, aliyempokea Ramovic alipoondoka mwezi Februari. Ni kweli, na ni hoja nzito. Hata hivyo, naamini kikosi kile kilikuwa kipana kiasi cha kuhimili makocha watatu katika ligi yetu, ilhali Afrika haisamehe timu inayobadili mfumo katikati ya safari.

Upande wa Msimbazi, yaani Simba, kocha Robertinho aliondolewa siku mbili baada ya kufungwa 5-1 na Yanga mwezi Novemba 2023. Abdelhak Benchikha akaja, akaondoka Aprili, Juma Mgunda akamalizia msimu, na Simba ikashika nafasi ya tatu. Msimu uliofuata Fadlu Davids aliachiwa timu mwanzo hadi mwisho. Ubingwa wa ligi hakuupata, lakini aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane.

Sitetei uvumilivu usio na kikomo. Kocha ambaye wachezaji wameacha kumsikiliza aondoke, hata kama ligi ndiyo kwanza imeanza. Linaloniumiza ni kuona viongozi wakifanya usajili wenyewe, kocha akikabidhiwa wachezaji ambao hakuwaomba, halafu matokeo yakiwa mabaya anawajibishwa yeye peke yake. Kwangu mimi, kocha astahili kuhukumiwa baada ya kuwa na maandalizi kamili ya msimu na kikosi alichoshiriki kukichagua. Wanaoona kipimo hicho ni kirefu mno watueleze: mwaka 2024 Yanga ilijua nini kuhusu Gamondi baada ya dakika 180 ambacho haikukijua katika msimu mzima uliotangulia?