Naomba ushauri: Sun Ultra 5 inagoma kuwaka na NetBSD

Wakuu, habari zenu. Nina Sun Ultra 5, mashine ya 1998 yenye prosesa ya UltraSPARC IIi, nataka kuiwekea mfumo endeshi wa NetBSD, toleo la sparc64 (la prosesa za aina hii). Nikiiwasha inalalamika kwamba IDPROM (data ya utambulisho wa mashine) ni batili, kisha inaishia kwenye neno «ok», ikisubiri amri. Nadhani betri iliyo ndani ya chipu ya NVRAM (inayotunza data hiyo na saa) imekufa, maana hata saa haikai. Nikiandika «boot cdrom», taa inapepesa mara mbili tatu, draivu inanguruma, halafu kimya. CD yenyewe inasomeka vizuri kwenye kompyuta nyingine.

Nibadilishe chipu kwanza, au niwashe kupitia mtandao? Ila anwani ya MAC (namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao) nayo imefutika. Aliyewahi kuijaza upya kwa mkono anielekeze tafadhali, mashine hii naipenda mno.