Mrejesho: pampu ya betta kwenye tangi la lita 40

Wakuu, salaam. Ni mimi niliyeuliza kuhusu samaki wangu wa betta aliyekuwa anasukumwa na maji mpaka anashinda amejibanza nyuma ya jiwe. Hesabu yenu ilinifungua macho: pampu ya chujio, ya lita 600 kwa saa, ilikuwa inazungusha maji yote mara 15 kila saa. Samaki mwenye mapezi kama kanga ataogeleaje humo?

Nilianza na njia ya bure, kipande cha chupa ya maji mdomoni mwa pampu. Siku ya pili kikachomoka. Bomba la matundu lililogeuziwa kioo lilisaidia kidogo tu. Pampu yenyewe ilikuwa kubwa mno.

Kilichofanya kazi ni chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, pamoja na kikoki cha kupunguza hewa kwenye mpira. Chujio la zamani nililiacha humo wiki nne ili bakteria wazuri wanaosafisha maji wahamie kwenye sponji, na sponji naisuuza kwa maji ya tangi, si ya bomba yenye klorini inayowaua. Betta sasa anazunguka kote, na juzi kajenga kiota cha mapovu!

Kelele ndiyo bado. Pampu nimeikalisha juu ya kandambili kuukuu, imepungua ila haijaisha. Iko rafu ya juu kuliko usawa wa maji, umeme ukikatika yasirudi kupitia mpira.

Asanteni sana, hasa aliyenikatalia kununua pampu nyingine kubwa.